Kisima cha Wadebuli

Wenzangu mliozaliwa Tanga kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, hebu niambieni kama mnakumbuka tulivyokuwa matajiri wa maajabu. Vitu vyenyewe tulikuwa hatuna. Viatu vilikuwa vya Idi, na ikifika Idi ya pili vilikuwa vimeshatubana. Lakini maajabu, alhamdulillahi, kila mtaa ulikuwa na lake. Pale Ngamiani, ambako baba alikuwa akishona kanzu barazani kwa cherehani ya miguu, watoto wote tulijua kwamba mapango ya Amboni yana njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Tuliambiwa mbwa aliingizwa huku, akatokea kule hana hata unyoya mmoja mwilini. Hakuna aliyewahi kumwona mbwa huyo, ila kila mtu alikuwa na mjomba aliyemwona.

Tukitoka shule tulicheza mdako mpaka vidole vinawaka, na rede kwa mpira wa matambara uliosukwa kwa kamba ya mkonge. Mama alikuwa akipiga kelele dirishani, "Mwanaidi, ukirudi na kanga imechafuka utalala nayo!" Nilirudi nayo imechafuka, na nililala nayo. Asubuhi kulikuwa na uji wa mchele wenye pilipili manga, na kama baba amepata kazi ya harusi, mkate wa kumimina uliobaki jana. Mjukuu wangu Nasra nikimwambia hivi hunihurumia, ananiuliza kama tulikuwa wakimbizi.

Likizo zote nilipelekwa kwa bibi, Mtang'ata, kusini ya mji. Nilipakiwa nyuma ya baiskeli ya mjomba, miguu nimeitanua isinaswe na gurudumu, na nikifika makalio yote ni ganzi. Kijiji cha bibi kilikuwa na minazi, mihogo na samaki, na upande wa baharini kilikuwa na mahali tulipopaita Magofuni. Hapo palikuwa na msikiti wa mawe usio na paa, makaburi yenye nguzo ndefu, na katika nguzo zile mashimo ya mviringo yaliyokuwa yameshikilia bakuli za Kichina zamani za kale. Watu wazima walisema wajenzi wa yote hayo ni Wadebuli. Ukiuliza Wadebuli ndio nani, unaambiwa ni watu wa kale waliokuja kwa bahari wakaondoka kwa bahari, na kwamba walikata mawe kwa kucha kama unavyokata halua, maana nani mwingine angeweza kulichonga jiwe likawa na maua mazuri namna ile? Nilizitazama kucha zangu nikaona kweli kizazi kimedhoofika.

Ajabu kubwa kuliko yote lilikuwa kisima chao. Kilikuwa hatua chache tu kutoka mikokoni, bahari unaisikia, na maji yake ni matamu. Isitoshe, kilikuwa kinapumua. Maji yalipanda na kushuka kila siku bila ya mtu kuyagusa. Na msiseme ni bahari tu inajaa na kupwa, kwa sababu wazee walikuwa na jibu lao tayari: bahari ikishaanza kupwa, kisima bado kinapanda. Kwa hiyo kilikuwa na pumzi yake mwenyewe. Tulikiheshimu. Ulipofika ulisema, "Hodi, wenyewe," ukangoja kidogo. Ndoo ya bati ilikuwa mwiko. Ulichota kwa kifuu cha nazi kilichofungwa kamba, taratibu, juu juu, na ulichota kikiwa kimevuta pumzi, yaani kimepanda. Msichana aliyechota kikiwa kimeshuka aliambiwa atazeeka kwao.

Katika kijiji kile alikuwepo mama mdogo, mdogo wake mama, jina lake Mwanahawa. Nyumba yake ilipakana na ya bibi, uani kwao ni mlango mmoja tu. Mume wake alikuwa mchoma chokaa, na mwenyewe aliijua kazi ile kama mumewe: kupanga magogo na matumbawe kwenye tanuri, kuizima chokaa kwa maji, kuiacha shimoni miezi. Kukiwa na sakafu ya kupigwa katika nyumba ya mtu, yeye ndiye aliyewaongoza wanawake wenziwe, wamepiga magoti kwa safu, vipande vya mti mkononi, wanaimba na kupiga mpaka sakafu inang'aa. Alikuwa na mikono migumu na kicheko kikubwa. Vitumbua vyake viliuzwa vikaisha kabla jua halijapanda, na mimi nilikuwa mpenzi wake kuliko watoto wote. Sisemi haya kwa kujisifu. Sharti myajue ndipo mjue nilichokifanya.

Mwaka ninaouzungumza, Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, uliangukia katikati ya kaskazi, jua kali, visima viko chini. Mume wa mama mdogo alifariki ghafla, kwa kifua, wiki mbili kabla mimi sijafika kwa likizo. Nilimkuta amekaa eda: nguo nyeupe, ndani, hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu wake, miezi minne na siku kumi. Vitumbua vilisimama. Majirani walimchotea maji na kumletea chochote, na bibi alimpikia.

Sasa kijiji chetu kilikuwa kimepanga maulidi makubwa, wageni waje kutoka pande zote, na maji yalikuwa hayatoshi. Jumbe akatangaza msaragambo, kazi ya wote, kwenda kukisafisha kisima cha Wadebuli na kukiongeza kina. Wanaume walishuka kwa kamba na mitaimbo. Sisi watoto tulisimama mbali tukawaona wakipandisha tope, vigae, kisha mawe bapa, mengi, yaliyokuwa yamepangwa chini kama sakafu. Waliyatoa yote. Wakachimba tena kiasi cha urefu wa mtu, maji yakaja kwa nguvu, wakashangilia. Yale mawe wakayapanga pembeni, wanawake wakayatumia kufulia. Maulidi yakasomwa, wageni wakanywa, wakanawa, wakasifu. Na kwa kuwa kina kilikuwa kirefu na watu wengi, ndoo za bati nazo zikaruhusiwa, siku hizo chache tu, walisema.

Siku ya tatu baada ya maulidi yetu kulikuwa na maulidi ya kijiji cha pili, na kijiji kizima kikaenda kurudisha heshima. Mimi nilikuwa na homa. Bibi alinishika paji la uso, akasema, "Kajoto tu haka," akanipeleka kwa mama mdogo, akavaa buibui lake akaenda. Alikuwa msomaji mzuri wa kasida bibi yangu, na alikuwa ameahidi. Mpaka adhuhuri kajoto kalikuwa moto. Nakumbuka mbao za dari zilikuwa zikitambaa. Mama mdogo alinimwagia maji kichwani kata baada ya kata, mtungi ukaisha, akaupindua, akatikisa. Aliita majirani kupitia uani. Hakuna aliyeitika, wote wamekwenda.

Akavaa kanga juu ya nguo zake za eda, akachukua ndoo, akatoka. Kisima kilichokuwa karibu ni kile.

Alirudi mbio, akaniogesha, akaninywesha, akaniogesha tena, na jioni homa ikakatika. Lakini njiani alikutana na Bi Saumu, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa amerudi mapema kwa ajili ya mguu wake. Hawakusalimiana. Bi Saumu alishika mdomo kwa mkono, akapita.

Usiku ule, bibi aliporudi na kuambiwa, mama mdogo alinivuta karibu akaninong'oneza, "Usimwambie mtu kwamba ulikuwa mahututi. Watasema bibi yako kamwacha mtoto anakufa akaenda maulidini. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, na yeye alisikia.

Zikapita siku sita au saba. Mwezi ukaandama, ikaja bamvua, bahari ikapanda mpaka mizizi ya mikoko ikafunikwa yote. Na kisima cha Wadebuli kikageuka chumvi. Hakikuanza kidogo kidogo. Mama wa watu alionja asubuhi akatema. Kila mtu akaenda kuonja, kama vile ulimi wa mwenzake si wa kuaminika. Bi Saumu akasema aliyoyaona: mwenye eda, adhuhuri, ndoo ya bati, peke yake, kwenye kisima cha wenyewe. Ikawa kwisha. Wadebuli wamechukia, na kosa limepatikana.

Nilirudishwa mjini na maneno hayo kichwani. Kijiji kilianza kufuata maji mbali, kwenye kidimbwi cha shambani, mwendo wa kutoka jasho. Kila mwanamke aliyeupita mlango wa mama mdogo na mtungi kichwani alikohoa. Ikasemwa kwamba eda ikimalizika Jumbe atakaa na wazee wamwamulie, na wengi walitaka aondoke, akakae kwa dada yake mjini. Mjini kwetu, vyumba viwili, cherehani na watu wanane! Nyumba yake, tanuri la mumewe, minazi yake kumi na mitatu, avione kwa kuhadithiwa. Na nani angekula tena kitumbua cha mkono ule?

Shule kulikuwa na mwalimu wetu mmoja, Mwalimu Salma, mwembamba, miwani, sauti ya chini. Mwalimu huyu alikuwa mwizi wa maajabu. Kila wiki alituibia moja. Tulimwambia juu ya njia ya Mombasa, akatwambia jiwe la Amboni ni la chokaa, maji ya mvua yakipita humo miaka kwa maelfu hulila polepole kama chai inavyokula sukari guru, na ndiyo maana kuna mapango, wala hayana haja ya kufika Mombasa. Mbwa je? Akasema mbwa ana akili, alitokea tundu la pili akaenda zake kwao. Nikamwambia juu ya kucha za Wadebuli. Akacheka, akasema tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, unalikata kwa kisu, kisha likikaa juani hukauka likawa gumu. Basi walilichonga siku ile ile. Nilikasirika, nawaambieni. Nilikwenda nyumbani nahisi nimenyang'anywa.

Lakini nilirudi na kisima. Niliinua mkono nikasema, "Mwalimu, kisima cha Magofuni kinapumua." Sikutaja mama mdogo. Mwalimu Salma hakucheka safari hii. Alichukua gilasi, akaweka maji ya chumvi aliyoyatia wino, kisha akamimina maji matamu juu yake, kidogo kidogo, kwa mgongo wa kijiko. Tukainama wote. Wino ulibaki chini, na juu maji yalikuwa meupe, yamekaa kama mgeni juu ya mkeka. Akasema maji matamu ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari, hata ndani ya ardhi. Mvua inaponyesha inapenya mwambani, inakaa juu ya chumvi. Bahari ikijaa inayasukuma kwa chini, kisima kinapanda. Ikipwa kinashuka. Na kinachelewa kwa sababu maji yanapita katika mawe, hayana njia pana, kwa hiyo yanachelewa kupata habari. Kisha, huku anafuta gilasi, akaongeza kama jambo la kupita tu, "Na ndiyo maana mtu wa pwani hachimbi kisima kirefu. Akipitiliza, anakutana na bahari."

Sijui kipindi kilichofuata kilikuwa cha nini. Nilikuwa nayaona yale mawe bapa yakipanda kwa kamba.

Likizo iliyofuata ilikuwa ya masika. Baiskeli ya mjomba ilizama matopeni mara tatu, nikafika nimeloa, na kabla sijabadili nguo nikakimbilia uani kwa mama mdogo. Alikuwa amebakisha siku tisa za eda. Alikuwa amekonda, kicheko hakipo. Walikuwepo wanawake wanne wamekaa chini wanasuka ukili, Bi Saumu mmoja wao, kwa maana mtu hata ukimsema huachi kwenda kumtazama anavyosemwa. Bibi alikuwa anachambua mchele.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Mwana wa shule huyo! Umekuja na mvua," akasema Bi Saumu.

Nikasema nina kitu cha kuonyesha. Nilichukua gilasi, nikatia maji, chumvi tele na manjano ya bizari, nikakoroga. Kisha nikamimina maji matamu kwa mgongo wa upawa mdogo. Nilifanya haraka, safari ya kwanza yakachanganyika, wakacheka. Safari ya pili yakakaa. Njano chini, meupe juu. Nikaeleza yote, nikamaliza kwa kusema kwamba kisima hakikuchafuliwa na mtu, kilichimbwa mno.

Bi Saumu akasema, "Kwa hiyo mzee wako Jumbe na wanaume wote wa kijiji hiki hawana akili, mwenye akili ni wewe na gilasi yako?"

"Mtoto umempeleka shule, kakurudia na uchawi wa bizari," akasema mwingine.

"Mwanaidi, kaa chini," akasema bibi, hakunitazama.

Mama mdogo alinyoosha mkono akaivuta ile gilasi karibu. Alikuwa mtu wa achari, akijua maji ya chumvi tangu utotoni, alikuwa akipima chumvi ya achari kwa yai: likizama bado, likielea tayari. Aliniagiza nikate kikonyo cha jani la mpapai, ule mrija tuliokuwa tunapulizia mapovu. Akautia juu juu, akanyonya. Akaushusha mpaka chini, akanyonya, akakunja uso. Akaweka gilasi chini, akachukua ukili akaanza kusuka.

Wenzake walipoondoka akanishika bega. "Waliitoa sakafu," akasema. "Nilisikia mitaimbo kutoka humu ndani, nikajua wamefika kwenye mawe. Wale watu wa kale waliweka sakafu ili mtu asipite pale." Nikamwambia basi awaambie siku ya baraza. Ndipo nikaona kale kacheko kake, kidogo tu, kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, nikiwaambia wanaume wamekosea, kisima kitakaa chumvi mpaka Kiyama."

Eda ikamalizika. Wanawake walimwogesha, akavaa kanga mpya, na baada ya siku mbili Jumbe akakaa na wazee msikitini barazani, wanawake pembeni nyuma ya mkeka. Alipoitwa ajitetee, mama mdogo hakujitetea. Alisimama akasema kwa adabu, "Wazee wangu, mimi mke wa mchoma chokaa, mawe nayajua kidogo. Kama wenyewe wamechukia, basi tuwarudishie kilicho chao. Sakafu yao iko pale pembeni, tunaifulia nguo. Naomba tuirudishe, na juu yake mchanga mweupe, na ndoo za bati tuziache. Mimi nitashika kazi, kama kafara yangu. Kisima kisiporudi, nitaondoka bila kuambiwa mara ya pili."

Mwalimu Salma angeyasikia maneno hayo angeanguka. Lakini wazee walitikisa vichwa kukubali, kwa maana hilo walilielewa. Aliyechukua cha watu amrudishie mwenyewe, hapo hapana elimu.

Wanaume wakalijaza lile shimo waliloliongeza, matumbawe na udongo mzito, wakashindilia. Kisha mama mdogo alishuka mwenyewe kwa kamba, kanga imefungwa kiunoni, akayapanga yale mawe bapa moja moja, akaacha nafasi ndogo za maji kupita. Sisi juu tulimteremshia mchanga kwa vikapu. Wanawake wakaanza kuimba wimbo wa kupiga sakafu bila ya mtu kuwaambia, hata Bi Saumu na mguu wake. Mvua za masika zilinyesha siku ishirini karibu mfululizo. Kila asubuhi mtu mmoja alionja akatema. Siku moja mtu alionja akanyamaza, akaonja tena, akaita wenziwe.

Nilikuwepo walipokusanyika kisimani. Maji yalikuwa matamu, bado na ukali kidogo, lakini matamu. Jumbe akasoma fatiha. Kisha akamgeukia mama mdogo, mbele ya watu wote, akasema kwa upole, na najua alikuwa anafikiri anatenda wema, "Mwanahawa, wenyewe wamekusamehe. Na sisi tumekusamehe."

Wote wakasema amin. Bi Saumu akasema amin. Bibi yangu, mama yake mzazi, akasema amin.

Mama mdogo aliinamisha kichwa akasema, "Ahsanteni."

Aliishi pale miaka mingi baada ya hapo. Vitumbua vilirudi, wateja walirudi, akaolewa tena na mtu mwema wa Pangani. Lakini kila kiangazi maji yakipungua, mtu alimtania, "Mwanahawa, hukupita kisimani?" Na yeye alicheka na wenziwe. Mpaka anafariki, nami nikiwa tayari na watoto wangu, alikuwa ni mwanamke aliyesamehewa kisima.

Siku hizi mambo yamegeuka. Hakuna ajabu linalolala na njaa, kila moja lina wa kuliamini. Nasra, mjukuu wangu, anasoma Makorora hapa, ana simu inayojua kila kitu, na juzi alinionyesha humo kijana mmoja anapiga kelele kwamba majumba ya kale ya pwani yalijengwa na viumbe walioshuka kutoka nyota. Nilicheka mpaka machozi. Sisi tulidanganywa na wajomba zetu, angalau walikuwa wajomba. Hawa wanadanganywa na mtu wasiyemjua, na wanalipia bando. Na adabu nayo imepungua, hilo nyote mnalijua. Mtoto wa leo humkatiza mtu mzima katikati ya maneno kwa nini, kwa nini, kwa nini, mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Sisi tungelizabwa kofi.

Basi nikamwambia aweke simu chini, nikaleta gilasi, chumvi na manjano. Safari hii nilimimina polepole, uzee hauna haraka. Nikamweleza kisima cha Wadebuli chote, tangu pumzi yake mpaka sakafu, na mama mdogo na msamaha wake. Homa yangu tu niliiruka, kama nilivyozoea. Alisikiliza vizuri. Nilitegemea aniulize juu ya maji.

"Bibi," akasema, "mwenye eda si anaruhusiwa kutoka kwa dharura?"

Nikasema anaruhusiwa.

"Sasa kwa nini alitoka siku ile?"

Wenzangu, katika kijiji kizima, Jumbe, wazee, waliosoma chuo na waliosoma shule, hakuna aliyeuliza. Kulikuwa na maswali ya Wadebuli, ya ndoo, ya saa, ya nguo. Lingeulizwa hilo moja, lingejibiwa kwa maneno matatu, na asingekuwepo wa kusamehewa. Na mimi niliyesimama uani na gilasi yangu, mwenye ujasiri wa kuwasomesha wanawake wazima mambo ya maji, maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nimekatazwa, ni kweli. Lakini nilikuwa nimekatazwa mengi enzi zile, nikayafanya. Nilieleza kwa nini kisima kiligeuka chumvi kwa sababu hilo halikunigharimu kitu. Jingine lingemwaibisha bibi, na bibi ndiye aliyekuwa akinipa samli.

Nasra alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu lake.

"Nilikuwa naumwa," nikamwambia. "Alitoka kwa ajili yangu."

Ndiyo mara ya kwanza nayasema, na aliyestahili kuyasikia yuko Mtang'ata, kaburini, tangu zamani.